Kisamaki Kilichomfuturisha Maalim

Maalim alikuwa anatawadha, anasukutua mara ya pili, mashavu yamejaa maji, alipoacha ghafla na kutoa macho. Akatema. Kisamaki kikaanguka kwenye saruji na kuanza kurukaruka mbele ya madrasa nzima. Halafu akashika koo, maana viliingia viwili, na cha pili hakikutoka. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu Maalim alikuwa anafunga sunna.

Swaibu, mtoto wa shangazi yangu, akasimama kabla hata hajaulizwa. "Maalim, aliyejaza mabirika leo ni Zaituni."

Ndiyo, niliyejaza ni mimi. Lakini ngojeni niwaeleze, maana miaka yote mnasikia upande mmoja.

Sisi tuliokulia Namuwongo, wenzangu wenye mvi mnajua, hatukununuliwa midoli. Tulikuwa na reli, chini ya reli mfereji, na ndani ya mfereji visamaki vidogo kama ukucha, vyenye mikia ya rangi. Vilitembea kundi moja. Kimoja kikigeuka, vyote vinageuka, kama watoto wa shule waliosikia kengele. Tulivivua kwa leso: wawili wanashika pembe, wa tatu anapiga maji kwa miguu kuvifukuzia huko. Harufu ya ule mfereji siisemi. Kisha tunaketi kwenye mataruma ya reli, tunakula kabalagala, vile vikaango vya ndizi na unga wa muhogo, za moto zilizofungwa kwa gazeti, tunagombana nani ana chenye mkia mwekundu zaidi. Mama hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa anasema tu, "Nikiona tope miguuni, leo utakula umesimama." Na kweli tulikula tumesimama, matako yanawaka.

Siku hiyo Swaibu alikuja madrasa na vyake kwenye chupa ya jemu, amevificha ndani ya kanzu. Mfereji Maalim alikuwa ameukataza kabisa. Maalim alipokohoa mlangoni, Swaibu akaona birika la kijani, lile la Maalim mwenyewe, nimetoka kulijaza sasa hivi, akamimina vyote humo. Nilimwona. Rehema, niliyekuwa nakaa naye mkeka mmoja, alimwona pia. Alipoulizwa, akainama kuangalia mkeka.

Nikachapwa. Hizo fimbo nimesamehe. Wazee wakabishana wiki nzima kama saumu ya Maalim imevunjika: huyu anasema hakukusudia, yule anasema sawa, lakini nyama kameza. Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu zikauma, hata mimi. Kicheko kikanikauka baba aliposema mtoto wa kike anayechezea maji ya udhu akae nyumbani amsaidie mama yake. Madrasa ikaniishia hapo, na shule nayo ikaniishia. Swaibu akasoma mpaka akamaliza. Mimi hata kuandika haya nimejifunza ukubwani, kwa madaftari ya wanangu.

Leo Swaibu ana fleti Bukoto, na sebuleni kuna sanduku la kioo lenye taa. Humo mna visamaki vyenye mstari wa buluu na mwekundu, navyo vinageuka pamoja vilevile. Watoto wa nyumba ile wanavipiga picha, kisha mmoja akaniuliza vinachajiwa wapi. Mtoto wa siku hizi akilowa soksi anapelekwa kliniki. Nawahurumia. Samaki wanao, lakini hawajui kisamaki kinavyotekenya kiganja, wala raha ya kukimbia na leso inayochuruzika huku mama yako anakuita kwa jina lako lote.

Idi iliyopita, mbele ya kioo hicho, Swaibu aliwasimulia wageni jinsi Zaituni alivyomfuturisha Maalim kwa samaki hai. Wakacheka. Binti yangu wa mwisho hakucheka. Tulipotoka akaniuliza, "Mama, kumbe hukusoma kwa sababu ya utundu wako?"

Swaibu, Maalim hayupo tena, na baba hayupo. Wewe upo. Rehema naye yupo, anauza nyanya Nakasero. Ijumaa hii baada ya swala nakuja Bukoto na binti yangu, na Rehema nampitia. Mwambie mtoto huyu, kwa mdomo wako mwenyewe, ni nani aliyemimina.