Viluwiluwi wa Riziki

Harufu ya makayabu yaliyolowekwa, yule samaki wa chumvi ambaye bila yeye Jumapili ya Wakongo haijakamilika, hunirudisha moja kwa moja kwenye roshani ya fleti yetu ya ugenini, mtaa wa Albert Park. Na wivu hurudi nayo, msinicheke.

Nilikuwa na miaka tisa Riziki alipokuja kutoka Uvira, kwetu Kongo. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Mama, rika langu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nikaingoja hiyo siku ya tatu kwa hamu. Badala ya jembe, tangu usiku wa kwanza akapewa mto wangu na nafasi yangu ya kulala ubavuni mwa Mama, mimi nikahamishiwa godoro la chini. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwahi kulia. Mimi nililia nikichanwa nywele, nililia nikinyimwa soda, na kila mara Mama aliniambia, "Ona mwenzako. Yeye iko na roho nguvu, haliaka bule."

Mwalimu alipotuagiza tufuge viluwiluwi, nikaona njia. Nilimwomba Mama kwamba yule ambaye wake wataota miguu kwanza ndiye alale kitandani. Mama akacheka, akakubali. Wangu niliwachota kwenye bwawa safi la shule, wanene, wachangamfu. Riziki aliwachota wake kwenye mtaro wa Mobeni, eneo la viwanda, nyuma ya ghala alikofanya usafi Mama, ambako maji machafu yakikauka yaliacha ukoko mweupe wa chumvi. Walikuwa vijitu vidogo, nami nilijiona nimeshalala kitandani.

Wiki ile maji yalikatika mtaani, na kila tone likawa mali. Mama alipomaliza kuloweka makayabu aliona dhambi kuyamwaga yale maji. Alisema yananuka samaki, basi ni supu, akawagawia wanyama wetu pale roshani kikombe kila beseni, bila upendeleo. Asubuhi wangu walikuwa wanaelea matumbo juu. Wake walikuwa wanakula.

Nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Niliamini kabisa kwamba hata viluwiluwi walikuwa upande wa Riziki.

Ukubwani, darasani, ndipo nilipojifunza kwamba maji yakizidi kuingia chumvi, vyura wasioiweza hufa na wanaoiweza ndio hutaga, kizazi baada ya kizazi, mpaka watoto wao wanaizoea tangu kwenye yai. Lakini hawaizoei bure. Nguvu ya kukua huishia kwenye kuizuia chumvi, na wengi hutoka wakiwa wadogo. Kweli, vyura wa Riziki walipoota miguu hawakuzidi punje ya maharagwe. Hilo lilinifurahisha kidogo, kwa kuwa kitanda kilikuwa kimeshakwenda.

Jumamosi moja Mama alitupeleka Mobeni kuwarudisha. Riziki aliinamisha beseni, vyura wakaruka majanini wakapotea. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti kubwa, mpaka wafanyakazi wa ghala wakageuka kutazama. Mama, aliyenigombeza kwa kila chozi, akaketi chini na kitenge chake kipya, akampakata.

"Lia, mama," alimwambia. "Lia na sauti. Hapa hakuna mutu mwenye anatutafuta."

Nilisimama pembeni nimeshika beseni, nikimwonea wivu. Machozi yangu yalikuwa ugomvi, yake yakawa baraka. Wala sikujiuliza ni nani aliyewahi kuwatafuta.

Riziki alinisimulia tukiwa watu wazima, tukichambua sombe, kisamvu chetu, kama mtu anayesimulia safari ya sokoni. Walipokimbia walijificha vichakani, na watoto walifundishwa kumeza kilio, kwani anayelia anawaita wenye bunduki. Usiku wa kwanza kwetu, aliniambia, alinisikia nikililia mto, akangoja kwa hofu nizibwe mdomo. Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nikilia nipendavyo, na mlango haukuvunjwa.

Akasema, "Mi nilikuoneaka wivu sana."