Uji wa Kubandika Picha

Mama alikuwa ameshapanga kila kitu: picha ipelekwe Bungoma mjini ikapigwe laminesheni, isichafuliwe na wajukuu. Ni mchoro wa penseli wa sura ya Mama, ambao marehemu baba aliuchora kabla hawajaoana, na hakuna mwingine. Aliponiambia kwa simu, niliruka kama niliyeumwa na siafu. Kazi yangu huko Kitale ni kuhifadhi picha za karatasi, na najua karatasi kuukuu ikishapita kwenye ule moto na plastiki, hakuna wa kuibandua tena. "Usiiguse! Nakuja."

Nilifika kwake Bumula kesho yake na mfuko wa vifaa. Nikapika wanga wa ngano kwenye jiko lake, mwepesi na laini, maana hiyo ndiyo gundi isiyodhuru karatasi: siku ukitaka kuitoa, maji kidogo tu inaachia. Nikauacha upoe, nikaenda sebuleni kukata vipande vya karatasi nyembamba. Kurudi, namkuta Mama ameshika mwiko, huruma imemjaa usoni.

"Hii uji yako haina sukari ata kidogo! Nimekuwekea, na ndimu. Kumbe huko Kitale mnateseka hivi, bana?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Gundi yenye sukari ni karamu ya mende. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni, naye alipoelewa akacheka kunishinda, akaumimina kikombeni na kuunywa. Nikapika mwingine, yeye akiwa mlinzi wa sufuria.

Niliishikiza picha kwenye kadi safi kwa vipande viwili vya juu tu, chini ikabaki huru. Ikakaa vizuri ajabu. Nilijisikia raha tupu. Kisha nikatoa sanduku bapa nililomtengenezea, nikamweleza kwamba picha itakaa humo, chini ya kitanda, mwanga usije ukaififisha.

Mama akaacha kucheka.

"Ati sanduku? Huyu mtu alinichora akiniangalia. Ukimfungia humo, nani ataniangalia tena?"

Wateja wakiniuliza mambo kama hayo huwa nina majibu ya kitaalamu. Kwa Mama niliyaacha. Nikaitoa picha yangu ya kuhitimu chuo, iliyotundikwa sebuleni, kwenye fremu yake ya kioo, nikaweka mchoro, nikazunguka nyumba nzima nikitafuta ukuta usiofikiwa na jua. Niliupata chumbani kwake. Mama akajilaza kitandani kupima.

"Shusha kidogo," akasema. "Hapo. Sasa ananiona."