Risasi ya Tumbo

Mdogo wangu alipigwa risasi ya tumbo na bin ami yetu walipokwenda kuwinda paa nyuma ya kijiji cha Ansab, na alichukua siku moja na nusu kufa.

Ilikuwa majira ya baridi ya pili tangu tutoke Unguja mwaka sitini na nne. Tulikuwa tumepanga nyumba Sidab, kando ya Maskati, mimi, mama na mdogo wangu. Bin ami alizaliwa Maskati, bunduki alikuwa nayo tangu ujanani, na alijigamba kwamba sisi tuliotoka Afrika hatujui hata kupanda jabali. Siku hiyo aliona kitu kinatikisika nyuma ya mgunga, akapiga. Mdogo wangu alikuwa ameinama anafunga kiatu.

Walimleta juu ya punda. Mimi ndiye niliyekaa naye. Alikuwa akiomba maji, na sisi tumeambiwa tusimpe. "Kaka, tumbo linaungua," alinambia, tena na tena, mpaka sauti ikaisha.

Baada ya maziko ami, baba yake bin ami, alikuja kukaa na mama. "Shemegi, hii ni kudura ya Mungu," alisema. "Aliyekufa ni wetu, na aliyeua ni wetu. Tutamshitaki nani?" Mama akasamehe. Nilikuwa namtazama bin ami, amekaa ukumbini, anakula wali wa khitima. Aliomba ndimu.

Kuni tulikuwa tukinunua kwa mtu mmoja wa Ansab, mwindaji hodari, mkali wa maneno. Nilimwomba anifundishe kulenga.

"Unataka nyama?" aliniuliza.

"Naam," nikamjibu, na haikuwa kweli.

Alichukua kipande cha mkaa, akamchora paa kwenye ukuta wetu wa nje, amesimama ubavu. Akatia doa nyuma ya mguu wa mbele, chini kidogo ya katikati ya mwili. "Hapa pana moyo na mapafu. Msubiri asogeze mguu mbele, ndipo pahala pafunguke. Ukipiga hapa haendi mbali, na utawahi kumchinja. Kichwa kiache, utamvunja taya akafe kwa njaa." Kisha akaweka kidole kwenye tumbo. "Hapa usipige abadan. Atatembea kutwa na matumbo yake nje. Na kama hupaoni pahala pake, shusha bunduki, urudi nyumbani. Hakuna aibu."

Somo nililishika vizuri, lakini nililishika kichwa chini miguu juu. Alipoondoka niliutazama ukuta ule muda mrefu, na jicho langu halikuwa nyuma ya mguu.

Nilijifunza mwaka mzima, kwanza kwa makopo, kisha kwa paa wenyewe. Wa kwanza alianguka kwa magoti, nikapiga bismillahi, nikamchinja. Mwalimu wangu alifurahi. Mimi nilikuwa nikimfikiria bin ami.

Nikamwalika tuwinde, sote wawili tu. Alifurahi sana. Alidhani moyo wangu umepoa.

Tulifika mlimani asubuhi. Alitangulia, nikamfuata hatua kumi nyuma, bunduki imejaa. Alikuwa amejifunga mkanda wa risasi, na kila akigeuka kunisemesha nilikuwa nikiona pale chini ya mkanda. Mara ya tatu alipogeuka nilikuwa nimekwisha kuinua mtutu hadi kifuani. Hakuuona, kwa sababu paa alichomoka kwenye majani pembeni, naye akamfyatulia palepale, bila kulenga, huku mnyama akikimbia. Yule mnyama akapinda mgongo, akaendelea kukimbia. Tulipofika pale palikuwa na damu nyeusi iliyochanganyika na mavi.

"Tumbo," alisema. "Mwache, atakufa mwenyewe. Tutafute mwengine."

Nikamwelekezea bunduki, nikamnyang'anya yake. "Mfuate."

"Ndugu yangu, unafanya nini?"

"Mfuate mpaka afe. Na mimi nnakuja nyuma yako."

Tulitembea kutoka asubuhi hadi adhuhuri imepita. Paa alilala, tukamkaribia, akanyanyuka, akaenda tena. Bin ami aliomba maji. Kiriba nilikuwa nacho mimi, nikanywa mbele yake. Ningeweza kummaliza yule mnyama mara nne au tano. Sikummaliza. Nilitaka bin ami aone kila kitu nilichokiona mimi kitandani kwa mdogo wangu.

Mwisho paa alishindwa kunyanyuka. Alilala chini ya mwamba, macho wazi, ubavu unapanda na kushuka. Bin ami alipiga magoti akalia. "Mmalize, wallahi nakuomba."

"Niambie kwanza siku ile uliona nini."

"Niliona kitambaa cheupe," alisema. "Nikasema nikingoja nihakikishe, na kama ni paa, atakimbia."

Mwaka mzima sote tuliamini hakuona dalili ya mtu. Nikampa bunduki yake, nikamwonyesha pahala. Nikamshikia mtutu. Alipiga mara moja, paa akafa. Nyama tuliiacha palepale.

Sikumrudisha kwao. Nilimpeleka moja kwa moja Sidab, nikamsimamisha mbele ya mama, nikamwambia arudie. Akarudia, kitambaa na yote. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Nilikusamehe kwa jambo ambalo hukunambia," alisema. "Toka nyumbani kwangu."

Ami alikasirika, jamaa wakagawanyika, na tangu siku hiyo watu wa nyumba ya ami hawakutuamkia. Yule wa Ansab nilimsimulia mwenyewe, nikidhani atanisifu. Alinisikiliza hadi mwisho. "Huyo mnyama alikukosea nini?" aliniuliza, akachukua punda wake akaenda zake. Swali hilo ndilo peke yake linalonisumbua.

Kabla ya mwaka sabini bin ami alipata kazi Kuwait. Ami alikuja mlangoni kuniomba niende bandarini nikamuage, tumalize. Sikwenda. Mama naye, uzeeni, alikuwa akinihimiza nimwombee bin ami dua asamehewe. Mama amekwisha kufa, na bin ami sijamwombea bado.