Mama Tuliyemchukua kwa Mzee Njuguna

Nikikutana na harufu ya rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, husimama nilipo hadi leo. Najiona tena mtaani kwetu Mashimoni, kwenye uwanja wa Mama Halima, mbele ya ukuta wa mabati uliochorwa mwanamke mkubwa kuliko nyumba yetu.

Aliyemchora ni Auntie Auma, mdogo wake mama, tuliyeishi naye chumba kimoja. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya vinyozi na vibanda vya maji. Akimaliza, alichora alichotaka. Mwanamke huyo hakumbuni yeye. Alimtoa kwenye tamthilia ya zamani ya Mzee Njuguna, aliyeishi mtaa wa Kawangware. Humo, mjane anabomolewa nyumba. Mwishoni anakunja blanketi, anakabidhi ufunguo na kuondoka akiimba polepole. Auma alimchora amesimama mlangoni, radi nyuma yake, na tingatinga mbele yake dogo kama kichezeo cha mtoto. Kisha akamtungia shairi. Nilichaguliwa mimi kulikariri mbele ya watu siku ya onyesho, kwa sababu nilikuwa, kama mama alivyopenda kusema, na sauti ya kuita mbuzi waliopotea.

Wazo alilipata kwenye kitabu kilichochanika jalada, chenye picha za Ulaya za miaka mia mbili iliyopita. Wachoraji na washairi wa wakati ule, alitueleza, walimpenda mno mtunzi mmoja wa tamthilia aliyekufa zamani kabla yao. Wakawachukua watu wake, wafalme na wachawi na mabinti wenye wazimu, wakawatia kwenye dhoruba na giza ambavyo jukwaa lake halikuwahi kuwa navyo.

"Na hawakuomba ruhusa," Auma alisema.

"Wao mtu wao alikuwa amekufa," mama akamjibu huku akikata mboga ya sukuma wiki. "Wako yuko Kawangware na ana simu."

Wiki ileile simu ilitoka kwake. Mzee Njuguna alikuwa amesikia habari za ukuta. Angekuja Jumamosi kujionea, na akikuta mjane wake ameharibiwa, onyesho halingekuwepo. Mama Halima naye akasema wazi kwamba hataki kesi uwanjani kwake. Mzee akikataa, ukuta utapakwa rangi upya siku hiyohiyo. Auma aliacha kula vizuri. Mama alimsogezea sahani, akamwambia, "Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge."

Jumamosi ilifika na mawingu mazito. Mzee Njuguna aliingia akiwa na mwavuli na koti refu, akakaa benchi la mbele. Hakuna aliyethubutu kukaa karibu naye. Nilisimama chini ya yule mwanamke wa ukutani, nikaanza. Nilipofika pale mjane anaposema, "Ufunguo huu siutoi, nyumba hii ina jina langu," mzee aliinua mkono.

"Hapo simama. Hayo maneno sikuandika mimi."

 Vijana waliokuwa wameketi juu ya ukuta wa mawe waliacha hata kutafuna miwa. Auma akajitokeza, vidole bado vina rangi.

"Ni kweli, mzee. Ni yangu. Lakini huyo mama nilimpata kwako."

"Katika tamthilia yangu anatoka. Anaenda zake."

"Nilijaribu kumchora akienda," Auma alisema. "Mkono ulikataa."

Mama Halima alikuwa ameshainuka kitini. Mzee hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Na wewe, unajua huyu mama anaogopa nini?"

Nilimtafuta Auma kwa macho, naye alikuwa akitazama chini. Shairi halikuwa na jibu hilo. Lakini mwaka ule nyumba za nyuma yetu zilikuwa zimebomolewa ili barabara ipite, nikasema nilichokijua.

"Anaogopa ile sauti ya mabati yakikunjwa. Ukishaisikia, hata upepo ukitikisa paa unaamka."

Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga viti vya plastiki.

"Endelea," mzee akasema. "Anzia hapo kwa ufunguo."

Niliendelea, sauti imepasuka kabisa. Nilipomaliza watu walipiga mbinja na makofi. Mzee hakupiga. Alikwenda hadi ukutani, akaweka kiganja karibu na uso wa yule mwanamke bila kuugusa, akamnong'oneza Auma jambo, akaondoka kwenye mvua. Mwavuli hakuufungua.

Kwa miaka mingi niliamini tulimuudhi, na kwamba alituacha tuendelee kwa kunihurumia mimi mtoto. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimehamia Kawangware na nina watoto wangu, Auma aliponieleza. Enzi alizoandika mzee, tamthilia haikupanda jukwaani bila kibali cha serikali. Katika mwisho wa kwanza alioandika, mjane wake alikuwa amekataa kuondoka. Wakubwa wakamwambia aufute mwisho huo, ama akae na karatasi zake nyumbani. Akaufuta, na kila mwaka ilipochezwa, alikaa nyuma ya ukumbi akimtazama mama huyo akikunja blanketi.

Alichomnong'oneza Auma ni hiki: "Mimi nilimtoa nyumbani kwake kwa mkono wangu mwenyewe. Nashukuru nyinyi mmemkuta bado yuko."

Nami siku ile nilidhani ananisikiliza ili anikamate nikikosea.