Kuitoa Mashine Kwenye Sauti ya Baba

Kila jioni nilipoingia nyumbani Mjimwema, hata kabla sijavua viatu, mama aliipokea shikamoo yangu kwa swali lile lile: "Marahaba. Baba yako ameshaongea?"

Baba tulikwisha kumzika. Aliyesubiriwa kuongea alikuwa kwenye kaseti. Mama alipokwenda kwao Namtumbo kunizaa, baba alibaki Mpitimbi akiendesha mashine ya kusaga, na siku moja akamtumia salamu kwa kaseti, kama watu wengi walivyofanya zamani hizo. Ila alijirekodi huku akisaga. Mama alisikia ngurumo ya mashine, na mahali fulani ndani yake mtu anaongea. Kila alipomuuliza alisema nini, baba alicheka: "Nilikusalimia tu." Akafa na jibu lake. Mama akanikabidhi kaseti mimi, kwa kuwa nafundisha kompyuta mjini, na kwa imani yake mtu wa kompyuta hashindwi kitu.

Nilihamishia sauti kwenye kompyuta, nikaandika programu ya kujifunza kutenganisha sauti ya mtu na ya mashine. Nilizunguka mitaani na simu nikirekodi mashine za kusaga, nikarudi mweupe kwa unga. Kisha nikaipa kazi prosesa, ubongo wa kompyuta, nikaona itanizeesha. Prosesa ni mkulima mmoja hodari: mpe shamba lolote atalilima, lakini tuta kwa tuta. Kazi yangu haikutaka hodari, ilitaka msaragambo, kijiji kizima shambani: hesabu ndogo ndogo, nyingi kupita kiasi, zipigwe zote kwa pamoja. Ndipo nikanunua kadi ya grafiki iliyotumika, zile ambazo vijana huzitafuta kwa ajili ya magemu. Imetengenezwa kwa ajili ya picha, lakini ukiipa hesabu, inapiga hesabu.

Kwa maneno ni rahisi. Kumbe kadi haisemi na programu yako mpaka iwepo programu nyingine ya katikati, tena toleo inalolitaka yenyewe, na toleo hilo ni zito, na bando linakata kabla halijamaliza kushuka. Halafu prosesa ikawa inachelewa kuipelekea kadi kazi: watu wamejaa shambani, majembe yanaletwa moja moja. Nikarekebisha. Siku vyote viwili vilipokubaliana nilicheka peke yangu kama mwehu. Kazi ambayo prosesa peke yake ingeivuta wiki nzima sasa ingekwisha wakati niko kazini.

Haikwisha. Niliiacha asubuhi inakwenda, jioni nikaikuta imezima. Kesho yake vilevile. Nikamlaumu aliyeniuzia kadi, nikaulaumu umeme, nikabadilisha waya, nikafungua ubavu wa kompyuta ipate hewa. Jumapili baada ya misa, nikiwepo mwenyewe, inafanya kazi vizuri. Nikiipa mgongo, inazima. Nilianza kuichukia kwa chuki halisi, ile ambayo mtu humwekea jirani.

Siku moja nikarudi mapema. Jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwetu, na kila kitu sebuleni kilikuwa kimevaa kitambaa cha kufuma: makochi, redio, televisheni. Na kompyuta yangu, kadi ikiwa inatoa moto ndani yake, nayo ilikuwa imevikwa kitambaa cheupe cha maua, kizito, kimeshuka mpaka sakafuni.

"Mama!"

"Vumbi, mwanangu. Na sasa umeiacha hadi ubavu wazi. Naifunika ukitoka, naifunua ukikaribia kurudi, uikute safi."

Nilitaka kupiga kelele. Nilipiga, kidogo. Nikamweleza kwamba kitu hicho kikifanya kazi kinachemka, ukikifunika kinajizima kisiungue.

"Sasa si ungesema," alijibu, akakikunja kitambaa chake taratibu.

Bila kitambaa, kazi ikaisha. Nikamwita mama, akaketi, nikawasha. Ngurumo yote ilikuwa imeondoka, na baba akaongea pale sebuleni kwa sauti safi kabisa. Alimwambia mama asiharakishe kurudi, apumzike. Paa linavuja na yeye analiezeka upya, hataki mtoto aje kulala kwenye matone.

"Kumbe," mama alisema. "Nilirudi nikakuta paa jipya. Nikamuuliza, akasema lilikuwa hivyo hivyo." Akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Mimi nikangoja shukrani zangu.

"Haya, sasa niwekee na mashine," alisema.

"Mama, hiyo mashine ndiyo nimehangaika miezi yote kuitoa!"

"Maneno nimeyasikia. Lakini huyu anaongea kama yuko ofisini. Baba yako hakuwahi kuniongelesha bila mashine."

Sauti yenye mashine haikuhitaji kadi wala prosesa ya maana. Hata kitochi chake, kisimu kile cha vitufe, kingeipiga. Nikaihamishia humo huku nimenuna. Mama akaiweka sikioni, mashine ikaanza kunguruma, naye akawa anaitikia, neno kwa neno, mahali ambapo mimi sikusikia kitu.