Nondo Zilizopakwa Mafuta

Nakumbuka Jumamosi moja kule Igamba, mwanangu, enzi za Mwingereza, tulipokuwa tunajenga kanisa. Goti linaniuma tangu asubuhi, kwa hiyo nivumilie nikisema polepole. Mimi nilikuwa nakunja nondo. Fundi mkuu alikuwa shemeji yangu Siwale, mume wa dada. Siku hiyo tulikuwa tumwage zege la boriti ya juu ya mlango mkubwa, na waumini walishafika, kina mama na ndoo za maji, wanaume na makoleo.

Nikashika nondo, mkono ukateleza. Shemeji naye akagusa, akanusa kidole. Mafuta ya nyonyo! Kumbe mama yangu mzazi aliziona zinanyeshewa uani, akazipaka kama alivyozoea kupaka majembe msimu ukiisha. Kwa wema tu, maskini.

Nondo zenu zina mistari. Zetu zilikuwa laini kama mpini. Zikiwa safi na zimekunjwa ndoano mwishoni, ndipo zege linazishika. Zikiwa na mafuta zinachomoka ndani kwa ndani, na boriti inawaangukia watu.

Tatizo ni kwamba kwetu mwanamume hamsemeshi mama mkwe wake, sembuse kumsahihisha mbele ya kanisa zima. Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Watu wakauliza, "Vipi, tuanze?" Shemeji akachukua koleo, akaanza kuchanganya zege. Hapo niliogopa kweli.

"Mama," nikamwambia, maana alikuwa pale na ndoo yake, "nondo zina mafuta. Zege halitashika. Inabidi tufungue ringi zote, hizi pete za chuma zinazozifunga pamoja, tuzisugue nondo."

Nilidhani atalia. Akampa shemeji mgongo kama desturi inavyotaka, akapaza sauti ili asikie vizuri: "Mwambie mume wa dada yako, mimi ndiye nitakayepita pale chini kila Jumapili na mjukuu mgongoni. Alitaka kuniheshimu mpaka aniue?"

Kisha mama akaleta majivu, tukasugua mpaka vidole vikachubuka, na watu wakarudi makwao wamenuna kwa kuwa zege halikumwagwa siku hiyo.

Sasa wewe umetoka Chapwa usiku huu kuniambia kwamba baba yako mdogo ameweka ringi mbali mno moja na nyingine kwenye boriti za nyumba yake, nawe unaona haya kumwambia kwa kuwa ndiye aliyekulea. Mwanangu, nimechoka. Nimezika watu wengi, na wengine wangekuwepo leo kama kuna mtu angefungua mdomo. Mkubwa wako akikosea, mwambie kwa adabu, lakini mwambie zege likiwa bado halijamwagwa. Akikufokea, vumilia. Mama yangu hakunishukuru siku ile, ila alizeeka akipita chini ya ile boriti.

Mungu akutie nguvu ya kusema, na amlainishe moyo baba yako mdogo. Haya, inuka. Kamgongee mlango sasa hivi, maana alfajiri wanamwaga.