Kibaba cha Herufi Nzito

Watu wa Mwananyamala wanaodai kwamba walikula pilau ya Bi Widad ni wengi kuliko sufuria zake zilivyoweza kubeba. Nawasamehe. Harufu yake tu ilitosha kumfanya mpita njia aape kwamba alishiba. Mimi niliila kweli, tena bure, kwa sababu nilipanga nyumba ya pili kutoka kwake, naye hakujua kupika chakula cha watu wachache.

Alikuwa Mwarabu mzaliwa wa Kinondoni, binti wa muuza duka. Mumewe alifariki mapema akamwachia mtoto mmoja, Munira, naye akamlea kwa kupika shughuli za watu. Miaka ile ya foleni, mchele ulipopatikana kwa kujuana, bado aliitwa, na kile kidogo kilichopatikana alikigawa mpaka mgeni wa mwisho akala. Kisha ikaja ruksa ya biashara, maduka yakajaa mchele wa kila nchi, na kila harusi ikataka sufuria kubwa kuliko ya jirani. Ndiyo miaka ambayo mimi, Kokuberwa wa Bukoba, nilinunua kompyuta iliyokwishatumika, nikaiweka chumba cha mbele na kuandika ukutani: TUNACHAPA. Maombi ya kazi, kadi za harusi, chochote. Bi Widad aliniita "wee Mhaya", nami nilimwitikia kwa adabu zote, maana anayekulisha habishiwi.

Mwaka tisini na sita Munira aliolewa na kijana wa Muskati, na safari ya kumfuata mumewe ikawa karibu. Munira alikuwa bingwa wa hesabu. Jikoni alikuwa akipita tu kuchukua maji ya kunywa. Wakati huohuo kisukari kilikuwa kimeanza kumwibia mama yake macho. Siku moja mchana Bi Widad alikuja kwangu akipapasa ukuta.

"Shikamoo, Bi Widad."

"Marahaba. Wee Mhaya, nataka kitabu cha mapishi. Mwanangu anakwenda nchi ya watu na hajui hata kuchambua mchele. Mie nikifa huku, na yeye huko anakula mikate ya dukani, basi mie na mama yangu tutakuwa tumekufa siku moja."

Tukaanza. Yeye alikaa kwenye kigoda, mimi kwenye mashine. Tatizo ni kwamba Bi Widad hakuweza kusema "tia chumvi" bila kutaja nani alizidisha chumvi, kwenye harusi ya nani, na ndoa yenyewe ilidumu kiasi gani. Mwanzo nilijaribu kuchuja. Nikashindwa, nikaandika yote, na matusi madogomadogo humo humo. Ila kila kipimo nilikiweka kwa herufi nzito, ili Munira akiwa jikoni jicho lake likione upesi. Na kipimo cha Bi Widad kilikuwa kibaba. Mchele kibaba, kunde kibaba, choroko kibaba.

Munira alipokuja kuona kazi akanuna.

"Dada Koku, kule nani ana kibaba? Kule kuna mizani. Weka kilo."

Alikuwa na haki. Tukachukua kopo la mama yake la kibaba, tukapima mchele kwenye duka la Hashil, ng'ambo ya barabara: robo tatu kilo, Hashil akaapa. Vibaba vya wingi vilikuwa vichache, nikavibadilisha kwa mkono. Kile cha umoja kilijaa kila ukurasa, hivyo nikaiambia mashine itafute kibaba na kuweka robo tatu kilo. "Zote," Munira akahimiza. Nikabonyeza zote. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha, nami nikajiona mtaalamu.

Bi Widad akataka asomewe. Nikasoma. Mchele robo tatu kilo, sawa. Tukafika pale anapomwusia binti yake kuhusu akiba: "Haba na haba hujaza robo tatu kilo." Munira akaangua kicheko, hata mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikaendelea: "Robo tatu kilo hiki alinipa mama yangu siku nilipoolewa, akaniambia, mwanamke hapungukiwi na..."

"Hebu nyamaza," akasema Bi Widad.

Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Mama yangu alinipa robo tatu kilo? Ndivyo watakavyosoma wajukuu zangu? Vipimo badilisheni, nimekubali. Lakini mie niacheni."

Niliona aibu, na Munira akaenda kukaa chini miguuni pa mama yake. Nilifunga kazi ile bila kuihifadhi, nikaifungua upya jinsi ilivyokuwa, na vile vibaba vya wingi nikavirudia kwa mkono. Sasa ningefanyaje? Kupitia moja moja sikutaka, maana umeme ulikuwa wa mgao. Nikaangalia ule ukurasa kwa muda, nikaona jibu liko mbele ya macho yangu. Kibaba cha kupimia kilikuwa kizito, na kibaba cha mazungumzo kilikuwa chembamba. Nikaandika neno pale pa kutafutia, kisha nikabonyeza vitufe vilevile vya herufi nzito, ili mashine itafute kibaba kizito peke yake. Ikavibadilisha vyote vya kupimia, na robo tatu kilo ikatoka nzito vilevile. Methali ikabaki. Zawadi ya mama yake ikabaki. Nilipomsomea tena, Bi Widad aliitikia kwa kichwa kila mstari, na Munira akaondoka na kitabu chake kwenye mkoba wa mkononi, hakukubali kukiweka kwenye sanduku.

Miezi ikapita, macho ya Bi Widad yakapofuka kabisa. Asubuhi moja Hashil aliita kutoka dukani kwamba kuna simu ya Muskati. Nikamshika mkono Bi Widad, tukavuka. Munira alizungumza kwa sauti ya juu, sote tukasikia.

"Mama, vipimo nimefuata vyote. Wanakula, wanasifu. Lakini si yako. Mie nikila najua si yako."

"Unapika sasa hivi?"

"Vitunguu viko motoni."

"Isogeze simu kwenye sufuria."

Kule walikuwa na simu isiyo na waya. Hashil akamzuia kwa mkono mteja aliyetaka mafuta ya taa. Bi Widad alikandamiza mkono wa simu sikioni, kainamisha kichwa.

"Bado," akasema. "Vinalia maji hivyo. Ngoja." Akasikiliza. Duka zima tukasikiliza, ingawa hatukusikia kitu. "Ngoja... Haya, sasa vinalia mafuta. Munira! Tia nyama!"

Kilichofuata kwenye simu kilikuwa kilio cha Munira, na mama yake akimkemea asilie juu ya chakula.

Wakati wa kurudi nilimwambia, "Bi Widad, mbona hili la sauti ya vitunguu hukunitajia? Nitachapa ukurasa mmoja nimtumie, auongeze kwenye kitabu."

Akanifinya mkono.

"Wee Mhaya una akili za mashine. Ukimwandikia na hilo, atanipigia simu kuniuliza nini?"